Mkebe Ulio Chini Kabisa kwenye Friza

Mpaka leo nikilala mchana husikia friza ikinguruma. Hapa Dagoretti tunapoishi mimi na mke wangu hatuna friza. Tuna friji fupi inayofika kiunoni, na ndani yake mna maji ya kunywa na dawa ya macho ya mke wangu. Lakini jua la saa nane likishaingia dirishani na kope zikaanza kuwa nzito, naisikia ile ya Kitisuru nilikopika miaka mingi, sauti yake ya chini ya kubembeleza, na mimi nashuka nayo mpaka ndani ya ule ukungu mweupe unaotoka ukifungua kifuniko. Humo huona vitu vya ajabu: maharagwe ya mwaka nisioukumbuka, keki ya ubatizo wa mtoto ambaye sasa ana mke, mkono wangu mwenyewe ukiwa bado wa kijana. Kisha naamka, na mke wangu ananiambia nilikuwa nakoroma.

Mwezi uliopita Lilian, aliyechukua nafasi yangu jikoni kule, alinipigia simu.

"Habari ya huko, Anko Hezron? Kuna hii mkebe ya aiskrimu hapa kwa kabati. Mfuniko imepasuka. Naeza itupa?"

"Usitupe."

"Si imezeeka?"

"Hata mimi nimezeeka."

Alicheka, lakini akataka kujua sababu, na sababu yenyewe haikutosha kwenye simu. Akaniambia, "Basi andika, Anko. Na uweke zile vitu zako za kuokoa chakula, nisome na wenzangu wa huku." Ndiyo maana nimenunua daftari. Vyeo sitavizungumzia, maana jikoni cheo ni kimoja tu, uko au hauko. Mshahara nao ulikuja na ukaenda zake.

Nilianza Lavington, mtaa wa matajiri hapa Nairobi, katika nyumba yenye ukuta mrefu hivi kwamba sikumjua jirani hata kwa sauti. Nilikuwa nimetoka Vihiga, nina miaka ishirini na minne, na nilijiona mpishi kamili kwa sababu nilikuwa nimepikia shule ya bweni. Aliyenipokea ni Mzee Jotham, mpishi wa nyumba ile, mtu mfupi na mpole aliyetembea jikoni kama anayeogopa kumwamsha mtu. Siku ya kwanza nilifunga aproni mpya nikasimama kungoja kisu. Akanipa ndoo.

"Hii ndio mwalimu yako," akasema. "Wiki hii hupiki. Wakimaliza kula unaangalia hapa ndani, halafu unakuja kuniambia umeona nini."

"Kisha nimwage?"

"Uangalie kwanza. Kumwaga hata mbwa anajua."

Basi wiki nzima nilisoma ndoo ya mabaki. Siku ya pili mwenye nyumba alikuja mwenyewe jikoni, akatabasamu, akasema karoti za leo zilikuwa tamu kweli. Nilipofunua ndoo nikazikuta karoti zote humo, hakuna hata moja iliyoumwa. Mzee Jotham hakushangaa. Alisema mdomo wa mtu una adabu zake lakini ndoo haina adabu, na kwamba mpishi anayesikiliza midomo atapika karoti mpaka kufa. Ijumaa aliokota ganda moja la kiazi kutoka kwenye ndoo hiyo hiyo, akaliinua mbele ya dirisha. Mwanga haukupita.

"Hii ni ganda ama ni kiazi?"

Lilikuwa langu. Tangu hapo nimemenya viazi kwa woga.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine, na nadhani ni sisi wa magharibi tu tunaoweza kulifanya kwa moyo safi. Kwetu sufuria haimalizwi. Unapikia waliopo, halafu unaongeza fungu la mgeni, maana mgeni habishi hodi kesho, anabisha sasa hivi, na ni aibu kumwambia moto umezimika. Lavington nilisonga ugali wa watu wanne nikaongeza wa mgeni. Kila siku. Na kila siku mgeni akaenda kwenye ndoo.

"Huyu mgeni wako ako wapi?" Mzee Jotham akaniuliza mwisho wa mwezi.

"Anaweza kuja, Mzee."

"Kijana, hapa mgeni anapiga simu wiki mbili kabla, halafu askari wa geti anamuuliza jina mara tatu. Wewe unapikia nani?"

Nilijaribu kuacha. Mkono ulipunguza unga, lakini moyo ulikataa, na kwa miaka mingi niliendelea kubakiza mwiko mmoja pembeni mwa sufuria. Asubuhi niliukata vipande nikaukaanga, nikanywea chai. Mzee aliona, akaniachia.

Mengine aliyonifunza ni madogo, lakini jikoni mambo ni madogo yote. Dhania isimame kwenye glasi ya maji kama maua, itakaa wiki. Viazi na vitunguu wasilale pamoja, wanaharibiana tabia. Mashina ya sukuma wiki yakatwe membamba yatangulie sufuriani, majani yafuate. Maziwa yakichachuka yaingie kwenye unga wa mandazi, na ndizi ikiwa nyeusi hata mtoto anaikimbia, hapo ndipo sukari yake imeiva. Ukileta nyanya mpya, za zamani zisogee mbele, maana mkono wa mwanadamu ni mvivu na huchukua kilicho karibu. Na usipeleke sokoni njaa yako. Nenda ukiwa umekula. Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kufungua friji ya Lavington siku ya Jumatatu.

Mzee Jotham alipostaafu alinipeleka mwenyewe Kitisuru, kwa mama mmoja Mkamba tuliyemwita Mama Mutheu kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na kazi kubwa serikalini na sauti ya mtu asiyerudia neno. Nyumba yake ilikuwa chini ya miti mirefu. Asubuhi za Julai ukungu ulishuka mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni ukasimama hapo kama unaomba chai, na nilipowasha moto nilihisi niko peke yangu duniani na sufuria zangu. Nilizipenda asubuhi hizo kuliko kitu chochote katika kazi hii. Bado nazipenda.

Friza nilioneshwa siku ya kwanza. Ilikuwa kubwa kama kitanda, nayo ilikuwa imejaa mpaka mtu alilazimika kuikalia ili ifunge.

"Hezron, kwa hii nyumba chakula haitupwi," Mama Mutheu akaniambia. "Ikibaki, unaweka hapa. Tutakula."

Hawakula. Kilichoingia kilikaa: nusu chapati, vijiko viwili vya wali, mbavu za mbuzi wa Krismasi, supu zisizojulikana. Siku moja tu, tukichambua mbaazi pamoja mezani, alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto Makueni mvua ilikosa misimu miwili, na yeye na kaka yake wakawa wanahesabu punje za mbaazi kila mmoja kwenye sahani ya mwenzake. Baada ya hapo nilimwelewa. Lakini kumwelewa mtu hakufanyi mchuzi wa miaka mitatu ulike. Akiwa kazini nilikuwa nachimba vile vilivyokufa kabisa nikavitia kwenye ndoo, na saa kumi alasiri Karanja, mfugaji wa nguruwe wa huku Dagoretti, alipita na pikipiki yake akavibeba. Ulikuwa udanganyifu, na niliufanya miaka mingi, na sikulala vibaya.

Kitu kimoja sikukielewa. Stima ikipotea, Mama Mutheu hakuuliza habari ya taa wala ya maji ya kuoga. Alipiga simu kutoka ofisini: "Friza iko sawa? Washa jenereta. Si ya nyumba, ya friza tu." Nilidhani ni nyama inayomtia wasiwasi. Tulichoma dizeli ya kutosha kwenda na kurudi Makueni ili mbavu za mbuzi zisipate joto.

Kisha watoto waliondoka mmoja mmoja, na Mutheu alipoolewa akabaki mama peke yake, naye akastaafu. Asubuhi moja alikuja jikoni na kikombe chake, akafungua friza, akasimama ndani ya ule ukungu muda mrefu.

"Hii friza inaniaibisha," akasema. "Watoto wameenda, mimi nakula kama ndege. Tumalize. Ya zamani kwanza."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu nilipofika. Nilinunua selotepu na kalamu nene, nikaandika siku juu ya kila kilichotambulika, tukaanza kula.

Nitawaambia ukweli, ulikuwa msimu mtamu kuliko yote niliyopika. Kila wiki tulishuka chini zaidi, na kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyorudi nyuma. Tulikula ndizi za harusi ya Mutheu. Tukala maharagwe ya ule mwaka wa korona, wa kufungiwa ndani, na mama akakumbuka jinsi nyumba ilivyokuwa imejaa watoto wenye hasira. Tukafika kwenye mbuzi wa mahafali, na chini yake supu ya Pasaka ambayo mvua yake nilikuwa nimeisahau. Mama Mutheu alionja, akafumba macho, akasema, "Hii ni ile siku bomba ilipasuka," na kweli ilikuwa siku hiyo. Nilianza kuota mchana hata nikiwa nimesimama. Ilionekana kama tukiendelea hivyo tutafika siku moja jikoni mwa mama yake na mwa mama yangu, na moto tutaukuta bado unawaka.

Mwezi wa saba tuligusa chuma, sakafu yenyewe ya friza. Chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na mkebe mmoja wa aiskrimu wa lita mbili, umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku, na mfuko umepigwa mafundo mawili. Hauna siku, hauna jina. Niliufungua nikakuta muthokoi, yale mahindi ya Wakamba yanayotwangwa mpaka maganda yatoke, yamepikwa na mbaazi. Mimi sikuwa nimeyapika. Nilifikiri labda yalitoka kwenye karamu fulani. Sheria ilikuwa ya zamani kwanza, na hakukuwa na kitu cha zamani kuliko hiki, basi niliutia mkebe kwenye friji uyeyuke polepole, na kesho yake nikapasha yote kwa maji kidogo. Nilikuwa karibu kukaangia vitunguu. Kitu kilinizuia, na nadhani kilikuwa uvivu.

Saa saba nikamwandalia bakuli mezani, karibu na dirisha. Nilikuwa bado sijafika mlangoni aliponiita.

"Hezron."

"Naam, Mama."

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa friza. Ile mkebe ya chini kabisa."

Aliweka kijiko chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Umetoa yote?"

"Yote, Mama."

"Rudisha. Hiyo ingine rudisha kwa barafu."

Ningetoa kitu chochote niweze kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimemfunza mwenyewe, mara nyingi, kwamba kilichoyeyuka kikapashwa hakirudi. "Itaharibika, Mama. Hata kwa friji haitafika mbali. Kesho jioni itakuwa ya Karanja."

"Hii ni ya mama yangu," akasema.

Ndipo aliponieleza, akitazama nje kwenye ukungu. Krismasi moja, mimi nikiwa nyumbani Vihiga kwa likizo, mama yake alikuja kutoka Makueni na mahindi aliyoyatwanga kwa mkono wake. Alifukuza kila mtu jikoni, akapika siku nzima. Nilikumbuka kwamba nilirudi nikakuta sufuria yangu kubwa imesuguliwa mpaka inang'aa, nikajiuliza ni nani huyo. Mama Mutheu aliweka mkebe mmoja, na mwezi wa tatu yule bibi akafa. Sasa ulikuwa mwaka wa nne.

"Nilitaka kukwambia usiguse hiyo," akasema. "Halafu nikaona aibu. Mtu mzima kama mimi, nimeficha chakula kama mtoto."

Na mimi nikaisikia ile jenereta, miaka yote minne, ikilia kwa ajili ya lita mbili.

Nililia, sioni haya kuandika. Niliona nimemchukulia mtu kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha mama yake, tena nimekipasha moto na kukileta kwenye sinia nikiwa nimejipongeza. Nikamwambia, "Mama, kama ni mimi kuenda, nitaenda leo."

Alinigeukia. "Uende wapi na chakula iko moto?"

Akachukua simu. Kwanza alimpigia dadake Syombua, anayefanya kazi ofisini kule mjini kati, kisha kaka yake Mutua, mfanyabiashara wa nyama huku Dagoretti karibu na machinjioni, yule wa punje za mbaazi. Kwa wote wawili alisema vilevile: "Kuja. Hapana, si mgonjwa. Kuja saa hii, na usikule njiani." Ndugu hawa watatu hawakuwa wamekula pamoja tangu matanga. Hawakuwa wamegombana. Ni Nairobi tu.

Nikabaki na kazi ya kulinda sufuria. Muthokoi ukiuacha motoni unakauka, ukiuepua unapoa, kwa hivyo niliiweka sufuria juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayofuka na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Niliweka kila tone la akili yangu kwenye mvuke ule. Madirisha yaliingia ukungu kwa ndani kama yalivyoingia kwa nje, na kwa muda sikuwa na hakika kama jikoni ni mwangu, au kama kuna bibi mwingine amesimama nyuma yangu anayeona nimetia maji mengi.

Syombua alifika saa nane na nusu, kitambulisho cha ofisi kikiwa bado kinaning'inia shingoni. Mutua alikwama kwenye msongamano, akapiga simu akasema waanze. Nilipakua. Mama Mutheu alikula bakuli lake lililokuwa limepoa, akakataa nilipashe. Syombua alitia kijiko mdomoni akakaa nacho, hakutafuna.

"Ni yeye," akasema. "Hiyo chumvi ni yake."

"Alikuwa mchoyo na chumvi," Mama Mutheu akasema.

"Alikuwa mchoyo na kila kitu isipokuwa kuni."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaendelea kula. Waliongezea. Wakaongezea tena. Nilikuja kuchukua bakuli la kupakulia nikalikuta limepanguswa kwa kidole, na papo hapo Mama Mutheu akashika mdomo.

"Mutua! Hatujamwachia!"

Alikuwa na sura ambayo sijamwona nayo tena. Nadhani ni ile ya mtoto anayehesabu punje kwenye sahani ya kaka yake akakuta hakuna kitu.

"Iko, Mama," nikasema.

Ilikuwepo. Sikuipanga. Nilipopakua, mkono wangu ulibakiza fungu la mgeni pembeni mwa sufuria, kama ulivyokuwa ukifanya maisha yake yote, hata baada ya Mzee Jotham kuukanya.

Mutua aliingia kwa mlango wa jikoni na gambuti zake za machinjioni, akala akiwa amesimama kando ya jiko. Dada zake walisimama mlangoni wakimtazama kila kijiko. Alipofika mwisho alinisukumia bakuli, kijiko kimoja kikiwa kimebaki.

"Onja, ndugu yangu. Umeilinda."

Nikaonja. Kusema kweli ilikuwa na ladha ya friza, na mbaazi zilikuwa zimechoka. Mimi sikumjua yule bibi, na ulimi wangu haukukumbuka chochote. Lakini nilitafuna polepole mpaka kikaisha.

Saa kumi Karanja alifika na pikipiki. Nilimtolea ndoo, akaiinamisha, akaichungulia, akaigonga chini kwa ngumi. Tangu anijue hakuwahi kuikuta hivyo.

"Leo hamkupika?"

"Tulipika."

"Sasa iko wapi?"

"Tumekula," nikamwambia.

Mwezi uliofuata stima ilipotea tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikwenda kuwasha jenereta, na Mama Mutheu, akiwa kwenye kiti chake kibarazani, akasema bila kugeuka, "Wacha tu, Hezron." Friza aliigawa kabla ya Krismasi. Mkebe aliuosha mwenyewe, akaukausha, akauweka kwenye kabati ambamo umeukuta.

Kwa hivyo, Lilian, usiutupe, lakini pia usiuogope. Ni wa kutumia, hata Mama Mutheu atakwambia. Funga ule ufa kwa selotepu, tia supu, tia mbaazi, tia chochote kilichobaki. Andika siku juu yake. Na kama aliyepika ni mama wa mtu, andika na jina, halafu mwite huyo mtu kingali moto.